Nyumba Yetu Ilipokaguliwa

Katika kikundi chetu cha akina mama hapa Goweko kuna swali linalorudi kila mara: "Mbona wageni wa Ulaya na Marekani wanapewa watoto wetu, na sisi wenyeji tukiomba tunachunguzwa kama wezi?" Mwezi huu tunalijibu, maana sisi wawili, mume na mke, tumechunguzwa.

Tuanze na hao wageni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawaweka mwisho wa foleni. Mgeni haruhusiwi kuasili mtoto, yaani kumfanya wake kisheria, mpaka ionekane kwamba hakuna nyumba inayofaa kumlea hapa nchini. Anatakiwa awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo, awe amemlea mtoto huyo miezi 3 chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, na asiwe na rekodi ya uhalifu. Tena alete maoni ya ustawi wa jamii wa nchi yake kwamba anafaa. Kwa hiyo naye anachunguzwa, huku na kwao. Nchi nyingine zimekaza zaidi. Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto mwaka 2014 kwa hofu ya biashara ya watoto, na Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018 kwa hofu ya yanayowapata watoto wakiwa mbali.

Basi akina mama, tuelewane. Kabla ya mgeni kuulizwa, tunaulizwa sisi. Je, tuko tayari kuulizwa?

Kwetu ilikuwa hivi. Tulikaa miaka 11 katika ndoa bila kupata mtoto, ndipo tukapeleka maombi ustawi wa jamii. Tukaambiwa afisa atakuja kuiona nyumba. Usingizi ulituruka! Tulipaka ukuta chokaa, tukaazima godoro na viti viwili kwa jirani, na vitu vyote vya shamba tukavisukuma ndani ili uwanja uonekane safi.

Afisa alifika asubuhi kwa pikipiki kutoka Isikizya, mama wa makamo, mpole. Viti hakuvitazama. Aliomba kuona maji tunayokunywa, choo, na mahali mtoto atakapolala. Kisha akauliza, "Ninyi ni wakulima wa tumbaku. Dawa za shambani mnaziweka wapi?" Tukatazamana. Tulikuwa tumezificha chini ya kitanda cha mtoto.

Baada ya hapo alituhoji kila mmoja peke yake. Tukigombana tunafanyaje? Miezi ambayo fedha za tumbaku hazijaingia tunakula nini? Mtoto akikosea tutamrudi vipi? Tunataka mtoto, au tunataka wa kuchota maji? Tukijaliwa kuzaa baadaye, huyu atakuwa nani? Majirani nao waliulizwa habari zetu, na mchungaji pia. Yote hayo tuliyajibu.

Swali moja likatushinda. "Siku akiuliza alikotoka, mtamwambia nini?"

Ukweli ni kwamba tulikuwa tumekwisha kupatana uongo. Tungesema ni mtoto wa ndugu aliyefariki Kahama. Tuliona aibu kulisema hilo mbele ya mgeni, tukainamisha vichwa.

Aliyejibu ni bibi, mama mzaa baba wa nyumba hii, aliyekuwa barazani akimenya karanga. Huyo ndiye tuliyemwogopa kuliko afisa, maana tangu mwanzo alikuwa akiuliza, "Hiyo ni damu ya nani?" Akasema, "Mayo, hapa Goweko kuna siri? Treni ikisimama usiku wa manane, asubuhi tunajua nani kashuka. Mtoto ataambiwa na wenzake kisimani, tena kwa matusi. Afadhali aambiwe na sisi, akiwa amepakatwa."

Musa alilelewa na binti Farao, mgeni kabisa, lakini aliwajua ndugu zake. Sisi tulitaka kumnyima mtoto wetu hata hilo!

Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya yule mama. Hakuja kututafutia makosa. Aliuliza yale ambayo mtoto mwenyewe angeuliza kama angeweza kusimama mlangoni petu kabla ya kuingia. Tukamweleza yote, hata habari ya godoro. Akacheka: "Rudisheni la watu, mnunue dogo lenu." Akatutaka tuzifungie dawa katika sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba, akarudi baadaye kuhakikisha.

Leo tuna binti wa miaka 3. Tuko katika malezi ya kambo, ambayo ni miezi 6, na afisa bado anatutembelea. Baada ya hapo tutakwenda Mahakama Kuu, Tabora. Mahakama ikikubali, sheria itamhesabu kama tuliyemzaa sisi, na hakuna shangazi wala baba mdogo atakayemwambia "rudi kwenu". Ikikataa, hatuna la kumshika mkono. Ndiyo maana kila usiku tunaomba.

Dada mpendwa unayefikiri kuchukua mtoto, anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yako. Usimchukue mtoto kwa mapatano ya uchochoroni. Anayekudai fedha ili akupatie mtoto anauza mtoto. Usimpe, na umripoti. Kaeni na wazee wa nyumba mapema, maana watamlea nanyi. Na siku ya kukaguliwa, acheni nyumba ionekane ilivyo. Mtoto hataishi katika nyumba ya kuazima.

Juzi bibi alimbeba mgongoni akamwonyesha treni. Swali la damu hatujalisikia tena.

Tukutane mwezi ujao.