Fimbo, kapu na ndoto za mchana



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada:

Katika darasa letu la wasichana, lile la baada ya Alasiri hapa Wajir, tuna desturi ya kuweka vitabu kando mara moja kwa mwezi na kuzungumza. Mwezi uliopita tuliwauliza maswali matatu. Kitu gani cha kila siku wakipendacho? Moyo ukiwa hauna kazi, huenda wapi? Na ni nani, wakimkumbuka, huwafanya watake kuwa watu bora? Walipomaliza kujibu, mdogo wao kuliko wote akainua mkono akasema, "Na wewe, Maalim?" Tukacheka, tukasema tutajibu kwa kalamu. Basi leo twajibu. Wasomaji wetu watuvumilie, kwa kuwa ndani ya majibu haya mna deni tunalotaka kulilipa mbele yao.

Huenda baadhi yenu mkaona si heshima kwa mwenye kilemba kukaa kitako akihesabu vitu avipendavyo. Nasi tuliwahi kuona hivyo. Lakini tazameni kisa cha Nabii Musa, amani imshukie, kilichomo katika Sura Taha. Mola wake alimwuliza juu ya kile alichokishika mkononi, naye Mola ajua kila kitu. Jibu la neno moja lingetosha. Musa hakukomea hapo. Alieleza kuwa ni fimbo yake, kwamba huiegemea, kwamba huwapukutishia mbuzi na kondoo wake majani, tena kwamba ana haja nyingine nayo. Wanavyuoni wamesema alirefusha maneno kwa ladha ya kuzungumza na Mola wake. Sisi tuliokaa na wafugaji twaongeza kidogo: mchungaji huipenda fimbo yake. Hapa Wajir twawaona kila siku, fimbo imelazwa mabegani na mikono miwili imening'inia juu yake, na ukimwuliza mzee habari ya fimbo yake, usitarajie jibu fupi.

Basi nasi tutasema tuvipendavyo bila haya.

Twapenda chai ya maziwa ya ngamia, yenye hiliki na tangawizi, baada ya Sala ya Alfajiri. Ndugu zetu wa pwani hushangaa wakiionja mara ya kwanza, maana ina harufu ya moshi. Kina mama wa huku hufukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya moto ili maziwa yasiharibike upesi, kama vile kina mama wa Lamu na Mombasa wafukizavyo nguo kwa udi. Mwaka wetu wa kwanza tuliinywa kwa adabu tu. Leo tukienda pwani tukapewa chai isiyo na moshi, twaona kama kuna mtu amesahau jambo.

Twapenda sauti za visimani. Wajir ni mji wa visima. Pasingekuwa na visima pasingekuwa na mji. Maji yake yana chumvichumvi, wala hayako mbali chini ya ardhi, na wachungaji huyateka huku wakiimba ili mikono iende pamoja na mnyama ajue zamu yake imefika. Twapenda pia sauti za watoto wa duksi wakisoma kwa loho zao za mbao asubuhi na mapema, kila mmoja na aya yake, wote kwa wakati mmoja. Mgeni husikia kelele. Mwalimu husikia kila mtoto peke yake, na aliyekosea humtambua akiwa amempa mgongo.

Ama moyo wetu ukikosa kazi, huenda baharini. Sisi ni watu wa Lamu, tumezaliwa penye harufu ya chumvi na mikoko, na kutoka hapa hadi kule, hata kwa mruko wa ndege, ni zaidi ya kilomita 400. Jua la saa nane likituelemea, hufumba macho tukaona maji yanajaa polepole juu ya ardhi hii nyeupe, mashua zinapita katikati ya migunga, na mabaharia wanatupa salamu. Tuliionea haya ndoto hii hadi tulipojua kwamba hatukuwa wa kwanza. Maafisa wa kikoloni wa Kiingereza walikuwa na klabu yao hapahapa Wajir, wakaiita Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya kifalme ya mashua, mahali pasipo bahari, ziwa wala mto. Wao walifanya mzaha. Lakini twadhani hata ndani ya mzaha ule mlikuwa na mtu aliyekumbuka kwao.

Sasa twafika kwenye deni.

Katika mazungumzo yale ya mwezi uliopita, binti mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alisema kwamba moyo wake huenda malishoni. Hujiona ni daktari wa kina mama, ana gari lake lenye kitanda na taa, anaifuata familia ihamapo na mifugo, ili mama asijifungue njiani peke yake. Aliyaeleza yote kwa utaratibu: rangi ya gari, idadi ya matairi ya akiba, hata mahali pa kuweka maji. Nasi, tukitaka kuwachekesha wengine, tukasema, "Hizo ni ndoto za Alinacha." Darasa likacheka. Naye akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Kesho yake hakuja. Siku tisa hakuja.

Siku ya kumi alikuja mama yake, muuza maziwa sokoni, na dumu lake mkononi. Alitusalimu, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za afya. Kisha akasema, "Maalim, Alinacha ni nani?"

Tukamweleza. Ni mtu wa katika hekaya za Alfu Lela Ulela, aliyekuwa na kapu la vyombo vya kioo, mtaji wake wote. Alikaa sokoni akiwaza atauza kwa faida, atanunua vingine, atatajirika, ataoa binti wa waziri. Na katika kuwaza kwake akamfanyia bibi arusi yule kiburi, akanyoosha mguu kumpiga teke. Mguu ukapiga kapu. Vyombo vyote vikavunjika.

Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na binti yangu amevunja nini, Maalim?"

Wasomaji wetu, tumefundisha zaidi ya miaka thelathini, na hatukuwa na jibu. Kosa la Alinacha halikuwa kuwaza. Kosa lake lilikuwa mguu. Alikidharau kilichokuwa mbele yake, tena akamdharau mwanamke ambaye hata hajakutana naye. Binti yule hakuwa amempiga teke mtu yeyote. Aliyenyoosha mguu darasani siku ile alikuwa mwalimu, na kilichokuwa kapuni kilikuwa amana ya watu.

Na hili lilitupasa kulijua kuliko watu wengine, kwa sababu jibu letu la swali la tatu ni mwanamke wa mji huuhuu.

Dekha Ibrahim Abdi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Wajir mwaka 1964. Alikuwa mwalimu na mama wa watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za hapa ziliingia katika vita, watu wakauawa, na hata soko likagawanyika. Dekha alisimulia kwamba usiku mmoja risasi zilipokuwa zikilia nje, alijificha chini ya kitanda pamoja na binti yake mchanga. Kulipopambazuka, mama yake mzazi akamwambia kwamba miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, naye alijificha chini ya kitanda hivyohivyo akiwa amembeba yeye Dekha. Hapo mama huyu akaanza kuota: kwamba binti yake asije akamficha mwanawe chini ya kitanda.

Tazameni alianza na nini. Hakuwa na cheo, wala askari, wala hazina. Yeye na wenzake, wanawake wa koo mbalimbali, walianza mazungumzo katika shughuli ya arusi, mahali ambapo wanawake hukutana hata wanaume wakigombana. Kisha wakaenda sokoni, maana soko walikuwa nalo. Wakakubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aweze kuuza na kununua bila ya kubughudhiwa, na wakaweka wenzao wa kuangalia kila siku jambo hilo lisivunjwe. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, wakawaendea vijana. Mwaka 1993 wazee wa koo wakatia saini mapatano yaitwayo Azimio la Al-Fatah, na baadaye kazi ile ya kina mama ikaingizwa katika kamati za amani za wilaya, mfano ambao wilaya nyingine za Kenya ziliufuata. Mwaka 2007 Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari, ambayo ilimchukua mumewe pia. Twamwomba Mola awakutanishe katika pepo yake.

Lau mwalimu mwenye kupenda mzaha angelikaa karibu na wanawake wale katika arusi ile, akawaambia, "Hizo ni ndoto za Alinacha," je, Wajir ya leo ingekuwaje? Na yule mama aliyesimama mbele yetu na dumu la maziwa, ambaye leo huuza kwa kila ukoo wala haulizi mteja wake ni wa nani, angeuzia wapi?

Tulimwambia, "Dada yangu, tumekosa. Mwambie binti arudi, na tutasema hivi mbele ya wenzake." Akajibu, "Nitamwambia. Lakini kusema ni juu yako, Maalim." Akatumiminia maziwa, akakataa pesa.

Binti alirudi Jumatatu. Tulisimama mbele ya darasa lilelile lililocheka, tukamwomba radhi kwa jina lake. Twaungama kwamba miguu ilikuwa mizito. Kisha tukawasomea kisa cha fimbo ya Musa, tukawaambia kwamba Mola hakumwuliza Nabii wake juu ya kile asichokuwa nacho. Alimwuliza juu ya kilichomo mkononi, kitu cha kuchungia mbuzi, na kwa kitu hicho akamtuma kwa Firauni. Tukamwuliza kila mmoja: kwa ile ndoto yako, mkononi una nini leo?

Yule mdogo alisema ana sauti nzuri ya kusoma. Mwingine alisema ana baiskeli ya kaka yake, ikiwa haina pancha. Zamu yake ilipofika, binti yetu alifikiri sana. Kisha akasema kwamba bibi yake ni mkunga, na usiku akiitwa, yeye ndiye humshikia tochi.

Hakuna aliyecheka.

Wapendwa kina mama na kina baba, safari hii hatuna fatwa ya kuwapa, tuna ombi tu. Juma hili, baada ya chakula cha usiku, zimeni simu kwa muda wa chai moja, muwaulize watoto wenu maswali yale matatu: wapendacho, wawazacho, na wamfuataye. Watakayoyasema mengine yatakuwa makubwa kuliko nyumba yenu. Msiyapime kwa mfuko wa leo, wala msiyafanye kuwa kichekesho cha wageni, maana mtoto hulisahau kofi kabla ya kulisahau neno. Muulizeni la nne: mkononi una nini? Akikosa jibu, mtafutieni pamoja. Nanyi kina mama, ambao kwa miaka mingi mmeulizwa chakula kiko wapi wala hamkuulizwa mioyo yenu huenda wapi, jibuni pia, na watoto wasikie.

Sisi kwa upande wetu twaendelea kuiona bahari saa nane za mchana. Ila tangu Jumatatu ile, ndani ya ndoto yetu limeingia gari moja, lina kitanda na taa na matairi mawili ya akiba, nalo linakata vumbi kuelekea malishoni. Rangi yake hatutaitaja. Hiyo ni siri ya mwenyewe.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu nia njema na mikono yenye kazi, na utulinde na ndimi zetu wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.