Zimwi Lililonyang'anywa Ulimi

Wako watu wasemao kwamba kuicheka hadithi ya kutisha ni kuivunjia heshima, na kwamba kuitia nyimbo na ngoma ni kuizika. Nimelisikia neno hilo likisemwa juu ya Young Frankenstein, mchezo wa Mel Brooks uliofunguliwa New York tarehe 8 Novemba 2007, ukachezwa mpaka Januari 2009, kisha ukatengenezwa upya kwa London mwaka 2017. Napinga neno hilo kwa nguvu zangu zote. Mchezo una kosa, tena kubwa, lakini kosa si kicheko.

Mary Shelley alianza kukitunga kisa chake mwaka 1816 kando ya ziwa la Geneva, akiwa msichana wa miaka 18, na kitabu kikachapwa mwaka 1818 bila jina lake. Kufika mwaka 1823 kilikwisha kupandishwa jukwaani London na Richard Brinsley Peake, katika mchezo uliokuwa na nyimbo na mtumishi mwoga wa kuchekesha aitwaye Fritz. Mwaka ule ule wakatokea wengine wakaufanyia mchezo wa Peake dhihaka. Mtungaji mwenyewe alikwenda kuutazama mwezi wa Agosti, na katika barua kwa rafiki yake akasema kwamba ulimfurahisha. Alipendezwa hata na karatasi ya majina ya waigizaji, ambamo mahali pa jina la zimwi palipigwa vistari vitupu. Ni nani basi huyu mlinzi wa heshima ya kitabu, mwenye uchungu nacho kupita aliyekizaa?

Nasi hatuna haja ya kuvuka bahari kujifunza jambo hili. Bibi akiisha kusema paukwa na watoto wakaitika pakawa, zimwi hutoka mwituni likiimba, na wimbo wake huitikiwa na wale wale linaowatamani. Watoto huogopa, hucheka, hujificha katika kanga ya bibi, kisha hucheka tena. Hapana aliyewahi kusema kuwa kicheko hicho kiliharibu hadithi. Walakini liangalie zimwi la bibi: lina kinywa. Husema, hudanganya, hubembeleza, huomba. Kinywa hicho ndicho zimwi la jukwaani lilichonyang'anywa.

Katika kitabu, kiumbe yule hujificha bandani, ubavuni mwa nyumba ya maskini, akachungulia kwa ufa. Humo ndani msichana mgeni, binti wa mfanyabiashara Mturuki, afundishwa lugha ya wenyeji. Na yule asiyeonekana, nje ya ukuta, ajifunza pamoja naye. Asoma Milton, asoma Plutarch, asoma Goethe. Kisha, kwa muda wa sura sita nzima, aeleza mashtaka yake mwenyewe mbele ya aliyemwumba, kwa ufasaha unaomshinda bwana wake. Hiyo ndiyo roho ya kitabu. Hofu yake yote imo katika kuwa zimwi lina hoja.

Peake alimfanya bubu. Filamu ya mwaka 1931 ikamwachia miguno, na ile ya 1935 ikamrudishia maneno machache kama sadaka. Brooks alirithi ububu huo katika filamu yake ya mwaka 1974, akauchukua hadi jukwaani, kisha akaongeza jambo baya zaidi: ili zimwi lipate kusema vizuri, lazima daktari alimiminie kwa mtambo sehemu ya akili yake mwenyewe. Elimu iliyoibwa kwa ufa wa ukuta, kwa baridi na njaa, imegeuzwa kuwa zawadi ya bwana! Sisi tuandikao kwa Kiswahili twaijua sana hadithi ya bwana atoaye akili na mtumishi apokeaye ulimi. Tuliisikia muda mrefu, na waliotusimulia hawakuwa wakifanya mzaha.

Nitakuwa mwadilifu. Niliutazama mchezo huu London, katika jumba la Garrick, na ulipofika mlango wa mzee kipofu nilicheka kama wenzangu. Kipofu huyo ametoka kitabuni, ambako yeye peke yake humpokea kiumbe kwa upole kwa sababu haoni uso wake, mpaka mwanawe aingiapo na kumtandika fimbo. Jukwaani amwaga mchuzi wa moto mapajani mwa mgeni, na kidole cha gumba akiwasha moto akidhani ni biri. Mgeni anguruma tu. Hapa ububu una kazi, na kicheko chauma: ukarimu usiomtazama mgeni humwunguza, naye hana neno la kukataa. Mary Shelley, nadhani, asingeuona mlango huu kuwa ugeni.

Lakini muda si muda daktari analivika zimwi koti refu na kofia ya hariri, analicheza mbele ya watu kwa wimbo wa zamani wa Irving Berlin, na kilele cha furaha ni pale zimwi linapojaribu kutamka maneno ya wimbo na ulimi ukagoma. Watu walipiga makofi hata viti vikatikisika. Walicheka nini? Walimcheka mgeni ashindwaye kutamka. Kuna viti ambavyo New York viliuzwa kwa dola 450 kuyaona hayo. Na bei hiyo, kwa maoni yangu, ni dhihaka kubwa kuliko zote zilizomo.

Brooks alitunga nyimbo nyingi kwa mchezo huu, maneno na muziki. Daktari ana zake, mtumishi ana zake, kipofu ana wake, mchumba wa daktari ana wake wa mapenzi. Zimwi halikupewa wimbo wa bandani, jicho likiwa ufani, mdomo ukijaribu taratibu neno la kwanza. Wimbo huo ungeweza kuchekesha sana. Ungechukua dakika nne.