Aliyekwisha Kulima Nasi Asiitwe Mgeni Daima

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huu twaupenda, kwani wamhimiza mgeni asiwe mzigo kwa mwenyeji wake. Lakini usemi huo una upande wa pili ambao mara nyingi twausahau. Ukiisha kumpa mtu jembe, naye akalima nawe mwaka hata mwaka, akazaa na kuzika katika ardhi ile ile, je, ni haki kuendelea kumwita mgeni?

Nchi yetu ya Tanzania imepata kulijibu swali hili kwa namna ya kusifika. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi waliyakimbia mauaji kwao wakaingia kwetu. Walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo, katika eneo la Mpanda. Walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijitegemea kwa chakula. Mwaka 2007 Serikali ikawapa hiari: kurudi Burundi au kuomba uraia. Walio wengi waliomba uraia, na zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa, wala Burundi hawakupata kuiona. Ni nadra kwa nchi yoyote duniani kutenda tendo kama hili kwa mara moja.

Hata hivyo, tendo jema laweza kutiwa doa na namna linavyotekelezwa. Watu hawa walitakiwa kuukana uraia wa Burundi. Maombi yao yakakubaliwa kufikia mwaka 2010, lakini vyeti havikutolewa, kwa kuwa ilipangwa kwanza wahamie mikoa mingine na makazi yao yafungwe. Mpango wa kuwahamisha ulikwama, na vyeti vilianza kutolewa mwezi Oktoba 2014. Kwa muda wa miaka minne hivi walikuwa wameachana na nchi moja, na nchi ya pili ilikuwa haijawapa hati mkononi. Mwenye shamba hakujua apande zao la kudumu au la, kwani aliambiwa kwamba atahama. Yafaa tujifunze hapa kwamba haki inayocheleweshwa humwumiza hata yule aliyekwisha kuahidiwa.

Sasa tuitazame njia ya kawaida, ile wanayoipita wageni wengine. Anayekuja kuishi hupewa kibali cha ukaazi. Daraja la A ni la wawekezaji na waliojiajiri. La B ni la walioajiriwa. La C ni la wengineo, wakiwemo wanafunzi na wamisionari tunaowafahamu parokiani. Vibali hivi ni vya muda, navyo havimfanyi mtu kuwa raia hata akivihuisha mara nyingi. Anayetaka uraia wa tajinisi, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimtaka awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Tena ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na awe mtu wa kulifaa taifa.

Masharti haya siyalaumu. Kila taifa lina haki ya kujua nani anaingia nyumbani mwake. Ninaloliona lina kasoro ni jingine. Sheria hiyo, kama ilivyotungwa, ilimpa Waziri mamlaka ya kukataa ombi bila kutaja sababu, na uamuzi wake usihojiwe mahakamani. Mtu aliyetimiza masharti yote aweza kujibiwa kwa neno moja tu, asijue amekosa nini wala arekebishe nini. Vilevile, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania aliwekewa njia yake ya pekee ya kuupata uraia, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakuwekewa. Je, ndoa ya binti yetu ina uzito mdogo kuliko ya kijana wetu?

Wapo watakaosema kwamba ardhi haitoshi, na kwamba usalama wa nchi uko hatarini. Hofu hizo si za kupuuzwa, hasa kwa waamini wa mikoa ya mpakani. Lakini aliyeandikishwa, akachunguzwa na kupewa hati, anajulikana alipo na alipa kodi. Anayetakiwa kuogopwa zaidi ni yule tunayemlazimisha kujificha, maana huyo huwa mateka wa kila mla rushwa. Njia iliyo wazi humlinda mgeni na mwenyeji pia.

Sisi walei na mapadre tuna wajibu gani? Kwanza, viongozi wa jumuiya ndogondogo wahimize kila mtoto aandikishwe na apate cheti cha kuzaliwa, hata mtoto wa mgeni. Cheti cha ubatizo ni ushahidi wa ubatizo. Hakimfanyi mtu raia. Pili, tusimshuhudie mtu uongo, wala kwa kumpendelea wala kwa kumkomoa. Anayeandika barua kwamba jirani yake si raia kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba anatenda dhambi dhidi ya haki. Tatu, tuwaonye wageni wasinunue vyeti vya kughushi kwa madalali, bali waende katika Ofisi ya Uhamiaji. Nne, tuliache neno “mkimbizi” tunapomtaja mtu ambaye nchi imekwisha kumkubali kuwa raia wake.

Tume za Haki na Amani nazo ziwaombe wabunge wetu mambo mawili: anayekataliwa uraia aelezwe sababu na awe na mahali pa kukata rufani, na ndoa za binti zetu zihesabiwe sawa na za vijana wetu. Mambo haya mawili hayaifungui mipaka kwa kila apitaye. Yanamtaka tu mwenye nyumba amjibu kwa haki yule aliyekwisha kumkabidhi jembe.