Maji ya Muleba yapimwe kabla mafuta hayajapita

Makamanda wenzangu,

Kwenye magrupu yetu, habari ya bomba la mafuta imebaki na hoja mbili tu: nani kalipwa fidia kiduchu, na nani kanyimwa ajira. Zote ni hoja halali na tusiziache. Ila kuna ya tatu ambayo hatuigusi, na mimi naamini ndiyo itakayotuumiza kuliko zote. Siku mafuta yakivuja, mwanakijiji wa Muleba atathibitisha kwa kitu gani kwamba maji yake yalikuwa safi kabla?

Tuanze na tunachokijua. Bomba la EACOP lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Kati ya hizo, 1,147 ziko Tanzania. Linaingia kwetu kwa upande wa Missenyi, linavuka Mto Kagera, linapita Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo, ndipo linaelekea Geita. Ukisimama sokoni Nshamba hulioni, na hata ukifunga safari hadi linakopita hutaliona, kwa sababu linafukiwa ardhini. Limepangwa kusafirisha mapipa 216,000 kwa siku. Mafuta yenyewe ni mazito, yana nta, kwa hiyo lazima yapashwe moto njia nzima, nyuzi joto 50 na kitu, la sivyo yanaganda ndani ya bomba.

Tunaambiwa ipo mitambo ya kutambua uvujaji. Sawa, nakubali. Bomba likipasuka vibaya presha itashuka na mtu ofisini ataona kwenye kioo. Hofu yangu ni tundu dogo. Fanya hesabu ya shule ya msingi: ikivuja sehemu moja tu katika elfu, ni mapipa 216 kwa siku. Pipa moja ni lita 159. Hizo ni zaidi ya lita 34,000, karibu lori zima la mafuta linamwagwa ardhini kila siku, kimya kimya. Wapo wanaosema haina shida, yakimwagika yataganda, yatazolewa kwa koleo. Juu ya ardhi, labda. Yale ya chini, jirani na bomba lenyewe la moto, nani atajua yamefika wapi?

Hili nalisema kwa sababu majirani zetu wameshapitia. Mei 2015, wananchi wa bonde la Mto Thange, kule Kibwezi, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, waliona mafuta kwenye maji yao. Lilikuwa bomba la Kenya Pipeline linalotoa mafuta Mombasa kwenda Nairobi, na kampuni hiyo wakati huo ilikuwa mali ya serikali. Mto uliharibika, visima vikaharibika, mashamba ya umwagiliaji yakafa. Wananchi wakaenda mahakamani. Hukumu ya kuwalipa mabilioni ya shilingi za Kenya ilitoka Julai 2025. Hesabu mwenyewe: miaka 10. Aliyekuwa darasa la kwanza mafuta yalipoonekana mtoni, alikuwa kijana wa sekondari hukumu iliposomwa. Na hao ndio walioshinda!

Sasa vaa joho la wakili wa upande wa pili. Mama wa Muleba kasimama kizimbani anasema maji ya chemchemi yanayonuka mafuta yamemharibia maharage na kuwapa watoto upele. Wakili atauliza kwa upole kabisa: "Mama, kabla ya hapo maji yalipimwa lini? Cheti kiko wapi? Juu ya chemchemi si kuna barabara? Si kuna gereji? Si kuna kituo cha mafuta chenye matangi ardhini? Unajuaje kama ni bomba?"

Jamani, hilo swali halina jibu la kelele. Kanuni ya ushahidi ni moja: anayedai ndiye anayethibitisha. Na ukweli ni kwamba matangi ya vituo vya mafuta nayo huvuja. Tangi la chuma likikaa chini ya udongo miaka na miaka linapata kutu, na dizeli hushuka polepole mpaka ikutane na maji. EWURA inatoa leseni, NEMC inasimamia mazingira. Ni lini umeona matokeo ya vipimo vya maji yamebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji chako? Bila kipimo cha kabla, kampuni ya bomba itasema ni kituo cha mafuta, kituo kitasema ni gereji, gereji itasema ni bodaboda wanaoosha pikipiki mtoni. Mama atarudi nyumbani na ndoo yake.

Watu wa serikali watanijibu kwamba sheria ipo. Kweli ipo, na ni nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu kufungua shauri haki hiyo ikitishiwa. Imo pia kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe. Lakini mwaka 2020 Bunge lilibadilisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ikawa anayefungua shauri la kikatiba lazima aape aoneshe yeye binafsi ameathirika vipi. Somo lake ni kwamba usitegemee sana taasisi ya Dar es Salaam ije ikusemee kwa niaba ya umma. Mlango ulishawahi kubanwa mpaka akabaki mwenye kisima mwenyewe. Basi mwenye kisima awe na karatasi mkononi.

Na asichelewe. Asasi 4 za Kenya, Uganda na Tanzania zilipeleka shauri la bomba hili Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, Novemba 2020. Novemba 2023 mahakama ikalitupa: limefunguliwa nje ya muda. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2 tu. Hoja za mazingira hazikuamuliwa hata kidogo, walishindwa kwenye kalenda.

Kuna jingine. Serikali yetu, kupitia TPDC, ina hisa asilimia 15 kwenye bomba hili. NEMC ni chombo cha serikali hiyo hiyo. Mwenye timu ndiye mwenye filimbi. Simtuhumu mtaalamu yeyote wa NEMC. Nasema tu kwamba mpangilio wa namna hii haumtoshi mwananchi, na kipimo kilichoko mikononi mwa kijiji ndicho kinga yake ya kwanza.

Najua jibu lililozoeleka. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kulikosoa bomba, mjadala wote nchini ukageuka: ama uko na mradi, ama uko na mabeberu. Mimi sijatumwa na Brussels. Naongelea chemchemi. Anayelitaka bomba na asiyelitaka wanachota pale pale, mwenye kadi ya kijani na mwenye kadi yetu wanapishana na madumu kwenye njia ile ile. Kama mradi ni salama kama wanavyosema, kupima maji leo kutawasaidia wao kuliko mtu mwingine yeyote. Anayekataa kupima ana hofu gani?

Wapo watakaosema hilo ni jambo la wakubwa, sisi wa vijijini hatuliwezi. Nawakumbusha kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anaisoma. Mila ya Kihaya ilisema mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ikasema huo ni ubaguzi unaokwenda kinyume na Katiba. Kesi ile ilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, hapa hapa Muleba. Sheria ya nchi nzima ilisukumwa na mwanamke wa wilaya yetu. Na kwenye suala la maji, wanawake ndio watakaoumia kwanza. Mthamini akija na daftari atahesabu migomba na mibuni ya kwenye kibanja, atamlipa mwenye jina. Chemchemi haina jina la mtu, wala rweya tunakolima karanga. Nani atahesabiwa hasara yake?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, na tuyadai sasa kabla mafuta hayajaanza kupita.

Moja, maji ya vijiji vyote vya njia ya bomba yapimwe, na vipimo visiishie kwenye vijidudu na chumvi, vitafute mafuta pia. Nakala yenye mhuri ibaki ofisi ya kijiji, nyingine shuleni.

Mbili, mpango wa dharura uletwe kwa Kiswahili na usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji: nani anapigiwa simu, anafika baada ya saa ngapi, maji mbadala yanatoka wapi. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Wa kwanza kufika kwenye mafuta yaliyomwagika siku zote ni majirani. Wafundishwe kukaa mbali kabla ya siku hiyo.

Tatu, fidia ya uvujaji ihesabu watumiaji wa maji na ardhi, wenye hati na wasio na hati.

Wakati tunadai, tusikae. Kila tawi la vijana lichague watu wawili. Waorodheshe kila chemchemi, kisima na mto unaochotwa: jina, picha, tarehe, alama ya mahali kwenye ramani ya simu, kaya zinazotumia. Mwenyekiti wa kijiji agonge mhuri, hata kama ni wa CCM, na wengi watagonga maana nao wanakunywa hapo. Kazi hii haihitaji kibali cha mkutano wa hadhara wala gari la matangazo. Wahaya tunatambiana kwa kusoma, haya, tuoneshe usomi wetu kwenye daftari la maji.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi 3. Ujao, nyoosha mkono uulize swali moja: maji yetu yamepimwa lini? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, hata kama jibu ni "hayajapimwa". Muhtasari huo nao ni ushahidi.