Matangazo ya Biashara na Haya ya Nyumbani

Korosho zikiisha kuuzwa, hapa kwetu Nachingwea na Ruangwa fedha huingia nyumbani, na wauzaji hutuita kwa picha na nyimbo. Mwenye sabuni na aisifu sabuni yake, si neno. Lakini wako wauzao kwa kuamsha tamaa ya mwili, nasi tumeketi pamoja na watoto.

Mwaka 2016, katika Kenya, tangazo la Coca-Cola lilionyesha watu wakibusiana. Bodi ya filamu ilinena kwamba lavunja heshima ya jamaa, na kampuni ikakubali kuiondoa sehemu ile. Vema, busu na soda vyahusianaje?

Lakini mwaka 2013 palikuwa na tangazo jingine huko huko. Mke wa mtu, aliye na mpenzi wa nje, alishauriwa na rafiki yake atumie kondomu. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu wakalalamika, likaondolewa. Hapo nasita. Kweli, uzinzi ulitajwa kama jambo la kila siku, na jambo hilo lachukiza. Lakini tangazo lile halikuuza tamaa. Lilionya juu ya ugonjwa, na UKIMWI hauulizi cheti cha ndoa.

Basi, kabla ya kulalamika tupambanue. Kwetu Tanzania, mamlaka isimamiayo redio na televisheni ni TCRA. Mwenye kuandika ataje kituo, siku, saa, na maneno yenyewe yaliyosemwa. Akiandika “ni machafu” tu, hajaeleza neno. Mwalimu awasaidie jirani wasiozoea kuandika barua.