Uzamili wa falsafa nchi jirani: mlango uko wazi, ufunguo uko wapi?

Pale Kobero, ambapo malori yanayotoka Tanzania hupanga foleni kuingia Burundi, mama mmoja anayeuza mchele na vitenge aliniuliza swali ambalo limenikaa kichwani hadi leo. "Mwalimu," alisema, "kijana wangu amemaliza shahada ya kwanza. Nilitegemea atafute kazi anisaidie. Sasa ananiambia anataka kuvuka akasome falsafa miaka miwili mingine. Hiyo falsafa mtu anaifanyia nini?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu safari hiyo niliwahi kuianza mwenyewe, nikarudishwa njiani.

Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilizaliwa katika makazi ya Mishamo, nikasoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Nilirejea na wale zaidi ya 50,000 wa kundi letu waliorudi Burundi kati ya mwaka 2008 na 2009, huku wengine wapatao 162,000 wakichagua kuomba uraia wa Tanzania. Nilirudi na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa nailoni. Miaka kadhaa baadaye nilipoomba kusoma uzamili wa falsafa, ofisi moja iliniambia kwamba shahada yangu ya miaka mitatu hailingani na "lisansi" ya miaka minne ya mfumo wa zamani wa Kifaransa. Nikatakiwa kuleta cheti cha ulinganifu, ile karatasi ambayo wengi wetu tunaiita ekivalansi. Nilipoipata, muda wa kujiandikisha ulikuwa umepita.

Kwa hiyo swali la mama yule linagusa watu wengi kuliko kijana wake peke yake. Linahusu watoto wetu wote waliosoma upande mmoja wa mpaka na wanaotaka kuendelea upande mwingine.

Mitaji ya nyumbani

Kinachoshangaza ni kwamba eneo hili letu ndilo lililoanzisha mjadala mkubwa kuliko yote katika falsafa ya Kiafrika. Mwaka 1945, padri Mbelgiji Placide Tempels, aliyekuwa akifanya utume Katanga, alichapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu. Alidai kwamba Wabantu wana fikra kamili kuhusu kuwapo kwa vitu, na kwamba kiini cha fikra hiyo ni nguvu ya uhai.

Padri wa Rwanda, Alexis Kagame, hakuridhika na madai ya jumla namna hiyo. Alirudi kwenye lugha ya mama yake. Katika tasnifu ya uzamivu aliyoitetea Roma mwaka 1955, alionyesha kwamba Kinyarwanda kinagawa kila kilichopo katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, maana ni mtu, kitu, mahali na namna. Aristotle wa Ugiriki alihesabu mafungu kumi. Kagame alisema sarufi yetu inatosheka na manne.

Alipingwa, na kwa haki. Paulin Hountondji wa Benin, aliyefariki mwaka 2024, aliandika kwamba sarufi ya kabila haiwezi kuitwa falsafa. Kwake yeye, falsafa ni hoja ya mtu mwenye jina, iliyowekwa wazi ili wengine waijibu. Huko Nairobi, Henry Odera Oruka alitafuta njia ya tatu. Alikwenda vijijini kuzungumza na wazee, akawatenganisha wale wanaorudia mila kama walivyoipokea na wale wanaoihoji na kutoa sababu zao. Hao wa pili aliwaita wanafalsafa, hata kama hawakuwahi kushika kalamu.

Huo ndio mjadala ambao mwanafunzi wa uzamili hukutana nao. Hapewi majibu ya kukariri. Anatakiwa asome pande zote, achague swali moja, alitetee kwa maandishi mbele ya msimamizi na watahini.

Lugha na mlango wa kanisa

Hata hivyo, angalia lugha zilizotumika. Kagame aliandika Kifaransa, Oruka aliandika Kiingereza. Hata Euphrase Kezilahabi, Mtanzania wa Ukerewe, alipata uzamivu wake kwa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Aliporudi kwenye Kiswahili alitumia riwaya. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vifupi vyenye maswali mazito kuhusu ukweli na maana ya kuishi. Fikra zetu zinasafiri kama kahawa yetu: zinatoka hapa mbichi, zinarudi zikiwa kwenye kopo lenye maandishi ya kigeni.

Aidha, upande wa Burundi, Rwanda na Kongo, falsafa imebebwa kwa kiasi kikubwa na seminari. Anayetaka upadri husoma falsafa kwanza, ndipo anaingia teolojia. Ndiyo maana wengi wa wanafalsafa wetu wa mwanzo walikuwa mapadri au walipita katika nyumba za watawa, akiwamo V. Y. Mudimbe wa Kongo, aliyefariki Aprili 2025. Jambo hilo limetufaa, lakini mtoto wa mkulima aliyekulia kambini kwa Kiswahili hakuwa na njia hiyo. Kenya, Uganda na Tanzania vyuo vikuu vya umma vinafundisha falsafa nje ya seminari, lakini hapo lugha ni Kiingereza.

Kuna dirisha moja ambalo wengi hawalijui. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2009, tasnifu za uzamili na uzamivu huandikwa kwa Kiswahili. Huko mtu anaweza kuchunguza fikra zilizomo katika fasihi, methali na ushairi. Cheti hakitaandikwa falsafa, lakini maswali atakayouliza yanaweza kuwa yale yale.

Ahadi za Jumuiya

Kwenye karatasi, mambo yameshapangwa. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Mwaka 2015 ulipitishwa mfumo wa ngazi nane wa kulinganisha sifa za elimu, uzamili ukiwa ngazi ya saba na uzamivu ya nane. Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala ndilo lenye kazi ya kulisimamia.

Lakini mfanyabiashara wa mpakani anajua tofauti kati ya tamko la Arusha na afisa wa dirishani. Soko la pamoja lilianza mwaka 2010, na bado kuna siku gunia la maharage linalala forodhani. Vyeti navyo ni hivyo hivyo. Siasa ikichafuka, hali huwa mbaya zaidi. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Mwaka mmoja baadaye, Januari na Februari 2025, Goma na kisha Bukavu zilitwaliwa na M23. Katika hali kama hiyo, kijana wa Kirundo anayetaka kumsoma Kagame katika nchi ya Kagame anajikuta karibu kwa macho na mbali kwa njia.

Inafaa kitu gani?

Narudi kwa mama wa Kobero. Nilimuuliza: "Mama, unapochukua mzigo kwa mali kauli, kinachokufunga ulipe ni nini? Ni karatasi, ni woga, au ni neno lako?" Akasema ni neno. Nikamuuliza kama neno hilo linamfunga hata kama mwenye mali amefariki. Alifikiri kwa muda, akasema linamfunga kwa watoto wake. Nikamwambia kijana wake anakwenda kusomea swali hilo.

Sisi tuliorudi tunalijua swali jingine, zito kuliko hilo. Mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine. Kule Rumonge na Nyanza-Lac, aliyekimbia mwaka 1972 alikuta shamba la baba yake lina mtu aliyelilima miaka thelathini na zaidi, pengine alipewa na serikali, pengine alilinunua kwa jasho lake. Wote wawili wana haki fulani. Sheria inaweza kuamua nani abaki, lakini kueleza kwa nini uamuzi huo ni wa haki, kwa maneno ambayo aliyeshindwa anaweza kuyakubali, kunahitaji watu waliofundishwa kupima hoja. Nchi ikikosa watu hao, mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameamua kuvuka, ushauri wangu ni wa kibiashara. Aanze ulinganifu wa vyeti mapema, kabla ya kulipa ada yoyote. Aulize kama mwanafunzi wa Jumuiya analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni. Aulize tasnifu itaandikwa kwa lugha gani. Na ajue jina la msimamizi kabla ya kufunga mizigo, kwa maana msimamizi ndiye nusu ya shahada.

Kwa wakubwa wetu, ombi ni moja: cheti kilichotambuliwa Dodoma kitambuliwe Gitega bila mtu kuzunguka ofisi mwaka mzima. Mimi muda ulinipita nikiwa kwenye foleni. Kijana wa Kobero ana miaka ishirini na minne, na mama yake ameshakubali kuuza mchele msimu mmoja zaidi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari aliyerejea kutoka Tanzania.