Serikali Iliyowahamisha Ndiyo Iwalipe

Na Zubeda Nansubuga

Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Uganda, kupitia kitengo chake cha makosa ya kimataifa, ilitoa uamuzi ambao sisi wa Kampala tulipaswa kuukalia kitako. Thomas Kwoyelo, kamanda wa kundi la waasi la LRA aliyehukumiwa kifungo cha miaka 40, hana mali. Mahakama ikaiamuru Serikali ndiyo iwalipe fidia waathirika wake, maana ilishindwa kuwalinda.

Nami nasema ilipe, tena isiishie kwa waathirika wa Kwoyelo.

Wapo wanaouliza mlipakodi ana kosa gani, ikiwa wauaji walikuwa watu wa Joseph Kony, kiongozi wa LRA. Wanasahau kambi. Tangu 1996 Serikali iliwaondoa Waacholi wa kaskazini vijijini ikawakusanya mahali ilipopaita vijiji vya ulinzi. Oktoba 2002 jeshi likawapa waliosalia saa 48 wawe wamehama. Watu wakaacha mashamba na maghala, wakaenda kubanana katika vibanda vya nyasi, wakingojea mgawo wa chakula cha msaada. Mwaka 2005 utafiti wa Wizara ya Afya yenyewe na Shirika la Afya Duniani ulikadiria vifo vya ziada kama 1,000 kila wiki katika Gulu, Kitgum na Pader. Malaria na Ukimwi viliua kuliko risasi.

Ukimwamuru mtu aache kwake kwa ajili ya usalama, uhai wake umeubeba wewe.

Tazama Barlonyo, karibu na Lira. Tarehe 21 Februari 2004 kambi ile ilikuwa mikononi mwa Amuka, wanamgambo wa Serikali, wachache mno kwa umati ule. LRA wakaingia, wakawachoma watu ndani ya nyumba zao. Jiwe la kumbukumbu lililowekwa pale linataja wafu 121. Wenyeji wanasema ni zaidi ya 300. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu mama ambaye mwanawe hayumo katika hesabu ya Serikali atadai fidia kwa karatasi gani?

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) nayo iliagiza euro 750 kwa kila mwathirika wa Dominic Ongwen, kamanda mwingine wa LRA, lakini fedha hizo zinategemea wahisani. Sisi tuna bajeti yetu. Baraza la Mawaziri lilipitisha Sera ya Haki ya Mpito Juni 2019. Wizara ya Fedha iitengee fungu, na kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, makarani watumwe Barlonyo na kwingine kulikoteseka, kama Pabbo na Atiak, nyumba kwa nyumba, waandike majina ya waliokufa.